Tripoli Mbili za Mwalimu Rukiah

Kwa miaka kumi na minne Rukiah binti Abudu alifundisha jiografia katika shule moja ya msingi ya Old Kampala, na hakuna mtoto aliyetoka darasani kwake na jambo la kubahatisha. Mwaka 1974, darasa la sita lilipofika kwenye Bahari ya Kati, aliwafundisha Tripoli ya Lebanoni: ngome juu ya kilima, sabuni ya mafuta ya zeituni, na michungwa ambayo ikichanua mji mzima hunukia. Kisha akawatega kwa kuuliza Tripoli iko wapi, na walipojibu Lebanoni akawaonya: "Msichanganye. Iko Tripoli nyingine, ya Libya. Jina moja, miji miwili."

Wiki ile ile kapteni mmoja alikuja kukagua shule, maana wageni kutoka Libya walikuwa wanatarajiwa. Akamnyooshea fimbo msichana wa mbele, Akot.

"Wewe! Tripori iko wapi?"

Akot akasimama wima. "Ipi, Afande? Ziko mbili."

Darasa likacheka, watoto walidhani Afande naye ametegwa kama wao walivyotegwa juzi. Kapteni akavimba.

"Nani nafundisha nyinyi matusi? Rafiki yetu iko na Tripori moja tu! Mwalimu, ambia hawa watoto."

Mkuu wa shule, Bashir, jasho likimtiririka, akamnong'oneza Rukiah, "Dada yangu, neno moja tu. Litakupunguzia nini?" Alipoona hafunui kinywa, akawageukia watoto mwenyewe. "Tripoli ni moja. Futeni hiyo nyingine."

Raba zikaanza kusugua karatasi. Akot alimkodolea macho mwalimu wake.

"Akot amejibu sawasawa," Rukiah akasema. "Ziko mbili."

Jumatatu akakuta mtu mwingine kwenye meza yake. Miaka kumi na minne, na hata barua hakupewa! Bashir alimsindikiza getini akilaumu chini chini: "Ungenyamaza tu, dada. Kunyamaza nako kunakushinda?"

"Kunyamaza?" Rukiah alimgeukia. "Wahindi walipofukuzwa, jirani aliyenishika mkono nikijifungua alipakia masanduku yake, nami nikachungulia dirishani, nikanyamaza. Kaka yangu alichukuliwa asirudi; nikanyamaza, nikapika pilau ya Idi kama kawaida. Nimenyamaza mpaka nimeota kutu, Mwalimu! Lakini safari hii aliyeulizwa ni mtoto, naye akajibu kweli. Wewe ukamwambia afute."

Bashir akatazama pembeni, mkono kwenye geti.

"Hakufuta," akasema. "Ilibidi nimfutie mimi."