Mchezo Usiochezwa Saltley

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kila nikipita mtaa wa Saltley, na kila nikiikumbuka naona aibu upya. Kaa, chai bado ya moto. Ukitaka kunijibu kwa Kiingereza chako nijibu, mradi unanisikia.

Nilikuwa na miaka thelathini, Msomali niliyelelewa Nairobi, nikifanya kazi katika kiwanda kidogo cha masanduku. Watu waliniita mwalimu, kwa sababu tu nilimaliza kidato cha nne na nina sauti kubwa. Wakati huo tulikuwa tunatafuta uraia wa hapa kwa Waingereza, na uraia una mtihani. Binamu yangu wa Toronto, aliyekwisha kufaulu wake, akanitumia kwa posta daftari la maswali na majibu aliyoyaandika kwa mkono. Mkuu wa nchi? Malkia. Basi nikajua haya ni ya hapa. Mchezo wa taifa wakati wa baridi? Hoki ya barafu. Wakati wa joto? Lakrosi.

Hapo nilichanganyikiwa, nisikufiche. Jumamosi nilitembea mpaka mtaa wa Aston, nikakuta umati wa watu wamevaa jezi, wote wanakwenda kwenye mpira. Msimu wa joto nikapita bustanini, vijana wanacheza kriketi. Binamu alikuwa amechora fimbo ya lakrosi pembeni ya ukurasa, ina wavu mdogo mwishoni, na mimi fimbo hiyo sikuiona hata dukani. Nikajiambia labda Waingereza wanauchezea ndani, matajiri peke yao. Na kiwandani, kando yangu, alisimama Mwingereza mzaliwa wa hapa hapa kila siku ya kazi! Swali moja tu lingetosha. Lakini nimuulize mimi, mwalimu?

Basi akaja jirani yangu Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, akaomba tusome pamoja. Mama yake mzazi alikuwa bado Bukavu, na macho yake yalikuwa yanaingia giza. Mama Furaha alitaka pasipoti aende upesi, mama amwone sura kabla hajapofuka. Hakuwa na haja nyingine duniani. Nikamkalisha jikoni, nikamfundisha lile daftari lote.

Tulipofika kwenye lakrosi akainua uso, akauliza taratibu, "Ule mchezo banachezea wapi? Mi sijauona."

Nikamfokea. Nilimwambia anayetaka kufaulu hamsumbui mwalimu wake. Mtu mzima yule akainamisha kichwa, akaandika.

Tulifanya mtihani wiki moja, tukafeli wote wawili. Nikampigia binamu nikiwa nimewaka hasira, naye akashangaa kweli kweli. "Hayo ni ya Kanada," akasema. "Ulidhani ya wapi? Malkia wetu si ni huyo huyo?"

Kwa majuma mawili nilipita barabara ya nyuma nisikutane na Mama Furaha. Nilipojikaza kwenda, nilitegemea matusi. Alinikaribisha, akanipa kiti, akasema, "Mdogo wangu, kukosea si neno. Lakini siku ile nilikuuliza, na wewe ulijua kama haujui."

Alisoma upya kwa kitabu cha sawasawa, akafaulu. Ila mpaka pasipoti itoke na yeye afike Bukavu, macho ya mama yake yalikuwa yamekwisha. Bibi yule alimpapasa uso kwa vidole, akauliza huyu ni nani. Mama Furaha aliporudi alinisimulia hayo bila lawama, na hilo ndilo lililonimaliza.

Mpaka leo sielewi lakrosi inachezwaje. Na kingine nisichokielewa ni kwa nini ilikuwa rahisi kwangu kumkemea mama wa watu kuliko kutamka neno "sijui". Nimelifikiri miaka yote hii, bado linanichanganya.

Sasa wewe, mwanangu, wenzako wa chuo huko Selly Oak wanakuja chumbani kwako uwaeleweshe masomo. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui, kisha mkaulize pamoja. Na siku utakayojikuta unamfokea mtu kwa swali lake, nyamaza kwanza, ujiulize unaficha nini. Mwenyezi Mungu akupe elimu yenye faida na ulimi usioogopa kusema sijui. Na wote wanaokungoja, popote walipo, akufikishe kwao wakuone kwa macho yao.