Shule ilifungwa juu ya mvua, mimi mpishi nikaendelea kwenda kazi

Wakuu, poleni na hii baridi. Naandika vile ilivyokuwa, sitaongeza chumvi. Nimechoka hata kudanganya.

Mimi ni mpishi wa shule moja ya msingi hapa Eldoret, karibu na Munyaka. Sisi wapishi tunalipwa kwa siku. Ukifika unasign kitabu kwa ofisi, hujasign hukuja. Walimu wao wanalipwa kwa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe.

Sasa mvua ikazidi, choo cha watoto kikatitia, shule ikafungwa wiki mbili. Ofisi ikapigwa kufuli, kitabu kikabaki ndani.

Funguo ya store nilikuwa nayo mimi. Siku ya kwanza nikapitia tu kuangalia, nikapata bati linavuja juu ya mahindi ya lunch ya watoto. Mahindi ikishika ukungu ni sumu hiyo, unatupa yote.

Nikahamisha gunia moja moja hadi darasa moja lisilovuja, nikayamwaga kwa turubai. Kila siku asubuhi na jioni naenda kuyageuza, peke yangu, na huu mgongo wangu. Bibi yangu akaniuliza, "Baba Naliaka, kwani nani amekutuma?"

Nikamwambia headteacher wetu, Madam, ataona.

Shule ikafunguliwa, na siku hiyo hiyo watoto wakala githeri, mahindi hayo hayo na maharagwe.

Mwisho wa mwezi zile wiki mbili hazikuwa kwa malipo yangu. Hiyo ndiyo ilikuwa rent. Nikaenda kwa Madam, nikamweleza yote. Akafungua kitabu, akanionyesha kurasa tupu.

"Mzee, shule ilikuwa imefungwa. Ulikuwa unapikia nani?"

Iliniuma wakuu, kwa sababu hiyo githeri hata yeye alikula.

Landlord bado namwomba anivumilie.

Nilichojifunza ni kwamba kazi ikikosa kuandikwa, kwa ofisi haikufanyika, hata kama watu wameshiba.

Leo asubuhi tumeambiwa shule inafungwa tena juu ya mvua. Nikapeleka funguo ofisini kabla wafunge. Madam akaniuliza, "Na mahindi je?"

Nikaomba kitabu, nikasign kwamba nimerudisha funguo.

Saa hii niko kwa nyumba, mvua inapiga mabati, na mimi nawaza tu lile bati la store. Wapishi na walinzi wa shule mlio humu, kwenu ikifungwa hivi mnalipwa aje? Na mniambie ukweli, nimekosea?