Pini Midomoni mwa Shangazi

Shangazi yangu, fundi cherehani, huzungumza akiwa amebana pini midomoni, na bado maneno yake humfikia mteja yamenyooka. Hata akisalimia wageni, vidole vyake haviachi kitambaa: hukipapasa, hukivuta, hulaza pindo. Akizitoa pini hizo, mtaa mzima hujua kuna jambo.

Jumapili tulikutana chumbani kwake, penye mabenchi ya wateja, tuamue kama mtaa uunge mkono kuhalalishwa kwa mashine za kamari. Wakala wa mashine hizo alikuja na moja ya kutuonyesha, akachomoa pasi ya shangazi bila hata hodi, akachomeka mashine yake. Taa zikaanza kucheza. Wapo waliosema dhambi ni dhambi tu, wapo waliosema vijana wanataka ajira. "Ni burudani, mama," wakala akabembeleza, "na kodi yake itatengeneza barabara." Vichwa vikaanza kukubali. Shangazi akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye ukosi wake, akamgeukia wakala. "Mwanangu, wewe unaicheza?" "Mimi? Aa, mimi niko kazini tu." "Na mkeo?" "Thubutu! Siwezi kumruhusu." Jibu lilimponyoka kabla hajalipima. "Mimi nguo ninazoshona nazivaa," shangazi akasema, "na wanangu nawavisha." Hakungoja kura. Alichomoa mashine, akachomeka pasi, akarudisha pini midomoni na kuvuta suruali iliyokuwa ikisubiri. Nami nikasogeza kiti hadi ubavuni mwake, watu wapate kuona tunavyofanana.