Nusu Kidonge

Miaka ile ya Kashojwa, kule kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hunijia kama kitu nilichokiona nikiwa nusu usingizini: ukungu ukipanda kutoka ziwani, moshi wa jiko, na paka wetu wa kijivu amekaa mlangoni kana kwamba nyumba ni yake na sisi ndio tumemkimbilia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tulikuwa tumetoka Kivu ya Kusini na vitu vichache, na paka yule alitufuata tu siku moja kutoka kijiji jirani cha Misiera, akakaa. Bila yeye panya wangemaliza mahindi yetu ya mgao.

Alikuwa mwizi hodari. Ukigeuka, ndagala, wale dagaa wetu wakavu, hawapo. Kisha ghafla akatulia. Akawa anakaa pembeni tunapofanya maombi, mgongo ameukunja, macho ameyafumba nusu, akikoroma taratibu kifuani. Sahani ya ndagala ilikaa mbele yake asiiguse.

"Paka yetu imeokoka," mama aliwaambia majirani, nao wakaitikia haleluya huku wakicheka. Kwetu sisi walokole, anayeacha wizi na kukaa kimya ibadani ana sababu moja tu.

Aliyegundua ni mimi, na nilijivuna. Kila jioni nilimpakata. Niliona manyoya yake, aliyokuwa akiyalamba kutwa, yameanza kushikamana. Nikimpa chakula, anainamisha kichwa upande mmoja, anatafuna mara mbili, kisha anaruka nyuma. Nilimfungua mdomo nikaona jino la nyuma limeoza na ufizi umevimba. Kumbe upole wote ule ulikuwa maumivu. Hata kule kukoroma hakukuwa kwa raha, alikuwa akijibembeleza mwenyewe.

Na maumivu, kwetu, yalikuwa na dawa moja. Kichwa, mgongo, goti, hata huzuni: parasetamoli. Mama aliviweka vidonge vyake kwenye fundo la kitenge. Nikalifungua fundo, nikavunja kimoja, nikasaga nusu, nikachanganya na mchuzi. Paka alinilamba kidole mpaka kikakauka. Sijawahi kumpenda kiumbe kama nilivyompenda jioni ile.

Asubuhi uso wake ulikuwa umevimba, ufizi umegeuka rangi ya matope, naye anahema kwa tumbo. Nililia, sikusema kwa nini. Mama aliutazama mchuzi uliobaki, kisha akalitazama fundo. Akamfunga paka kwenye kitenge chake cha kanisani.

"Njo, mama yangu, acha kulia," aliniambia, kama alivyoniita kila aliponibembeleza. "Twende Mbarara, kwa daktari wa wanyama."

Safari ile naikumbuka vipande vipande. Pembe ndefu za ng'ombe zikielea juu ya ukungu, maduka ya Rwekubo yakifunguliwa moja moja, mama akiimba chini chini, na joto la paka likipungua mapajani mwangu. Nilitamani tusifike Mbarara, maana huko wangeuliza alikula nini.

Daktari wa mifugo alikuwa Mnyankore mpole. Alimfungua paka mdomo, akatikisa kichwa.

"Mtu alipatia yeye dawa ya watu," alisema. "Paka hapana weza hiyo dawa, inaharibu damu yake. Nani alipatia yeye?"

Nilijifanya nakunja kitenge.

"Ni mimi, dokta," mama alisema. "Niliona iko naumia. Sikujua."

Huyu ndiye mama aliyewahi kunichapa kwa uongo wa kijiko cha sukari. Hakunitazama. Aliendelea kumshika paka kichwa.

Paka alikufa pale mezani, daktari akiwa bado anatayarisha sindano. Tulimrudisha Kashojwa tukamzika nyuma ya jiko. Majirani walipouliza, mama aliwajibu vilevile, kwamba ni yeye. Basi wakapata la kusema. Kwa miaka mingi, mtu akiugua, walionyana kwa utani: mama yule na vidonge vyake asikaribie kitanda cha mgonjwa. Mama alicheka nao. Nami nilicheka, kwa sauti kubwa kuliko wote.