Mtu Asiyejua Jasho

Mjomba wangu ni dobi. Umri wake wote ameumalizia nyuma ya pasi ya mkaa, na hakuna mteja aliyewahi kukuta tone la jasho kwenye kola. Badala ya kumsifu, baba yangu, fundi mwashi anayelowa shati kabla hajashika mwiko, alimbandika shemeji yake jina la Kiyoyozi.

"Kazi gani hiyo isiyolowesha hata kwapa?" baba alikuwa akisema. "Huyu hajui jasho!"

Ushahidi ulikuwepo. Kila mchana mjomba aliweka pasi kando, akajimwagia ndoo ya maji kichwani na kujilaza sakafuni. Uvivu uliokomaa. Meno anayo manne tu, yamechongoka kama misumari, na nywele ni za kubahatisha. Familia yetu, iliyojaa wataalamu, ilikwishaamua: sura ya ukoo wa mama, basi.

Akazaliwa mdogo wangu wa kiume. Meno yalichelewa, yakaja mawili, yote chonge.

"Kiyoyozi kajifungua!" baba alicheka hadi akakohoa.

Lakini jua likiwa kali, mtoto alichemka homa. Tulimtibu malaria ambayo kila kipimo kiliikana, na kwa hekima yetu tukamfunika blanketi. Siku moja alikakamaa, akageuza macho. Alizinduka, ila tangu hapo mama hakulala vizuri.

Kwa daktari wa meno tulikwenda kwa sababu tu chonge zilikuwa zikimchoma ulimi. Daktari alichungulia kinywa, akapapasa kichwa, akauliza, "Huyu hutoka jasho?"

Baba haachi nafasi impite. "Jasho? Kamrithi mjomba wake, hajui jasho!"

Alicheka peke yake.

"Kumbe mnajua," daktari alisema. Mama akamsimulia homa na blanketi, naye akatueleza: ni ugonjwa adimu wa kurithi. Meno machache yaliyochongoka, nywele haba, na tezi za jasho hazipo. Mwili hauwezi kujipoza. "Mama huubeba, mtoto wa kiume akauugua. Blanketi lile lingemuua."

Tuliporudi tulimkuta mjomba na ndoo yake, na mtoto alikuwa ameanza kuchemka tena. Mjomba hakungoja maelezo. Alilowesha shati lake kwenye ndoo, akalikamua kidogo, akamvisha. Mtoto akapoa, akaanza kuchezea vifungo.

"Shemeji," mjomba alisema, "ndoo imeisha maji."

Baba akaiokota ndoo.

"Kimbia basi," mjomba akamwambia. "Wewe si unalo jasho?"