Nyuzi Sita kwenye Unyayo wa Mama

"Panya inakuambiaka namna gani kama iko naumwa?" mama aliniuliza tukitandaza chisense, dagaa wa ziwa letu, juani.

Nilikuwa nimerudi Nchelenge kwa likizo, nimekasirikia chuo kizima. Kule Lusaka kazi yangu ilikuwa kumweka panya mwenye mguu uliojeruhiwa juu ya wavu wa chuma, kumgusa unyayo kutoka chini kwa uzi wa nailoni, kusukuma mpaka uzi upinde, kisha kuandika: amevuta mguu, au hakuvuta. Akivuta kwa uzi laini, anaumwa. Nilimuuliza mwalimu, je, kama ametekenyeka tu? Kama amechoka nasi? Akanijibu nijaze fomu. Mbaya zaidi, panya niliowapa dawa ya maumivu waliendelea kuvuta. Nilimlalamikia mama yote hayo, nikamwambia wasipoacha kuvuta nitaanguka mtihani.

Mama ana kisukari. Mwaka ule unyayo wake wa kushoto ulikuwa unawaka; hata pindo la kitenge likimgusa alikunja uso. Kliniki walitaka aeleze vizuri maumivu yenyewe. Yeye alisema inauma, basi. Nikaamua kumpima mwenyewe, aende na karatasi ambayo hakuna wa kuibishia. Kwenye soko la Kashikishi nilinunua nailoni za wavuvi za unene wa aina sita, nikazikata urefu wa kidole, nikazifunga kwenye kalamu zilizokwisha wino.

Mama alilala kwenye mkeka, nikamfunika uso kwa kitenge asione. Mdogo wake, mama mdogo wangu, alikaa upande wa kichwa akichambua samaki. Uzi mwembamba: hakuvuta. Wa pili: hakuvuta.

"Panya mukubwa hivi," mama mdogo alisema, "kule Lusaka mutaiweka kwenye wavu gani?"

Sikucheka. Nilifika uzi wa sita, ule ulioniachia alama nilipoujaribu kwenye kiganja changu.

"Mama, unasikia?"

"Siko nasikia kitu, mutoto yangu. Endelea."

Nilirudia mara tatu. Nilimwambia, kwa sauti ambayo hupaswi kumwambia nayo mzazi, kwamba jana tu kitenge kilimtoa machozi. Akasema jana ni jana. Basi niliandika nilichokiona, maana ndivyo nilivyofundishwa, mimi ninayejidai sikubali kitu bila kuuliza. Kule kliniki muuguzi aliisoma karatasi, akasema mguu umekufa ganzi, akamshauri asitembee peku. Dawa ya maumivu hakupewa. Nilimtazama mama aseme neno. Alikunja karatasi yangu akaiweka kwenye mkoba. Msimu mzima wa mvua alitembea kwa kisigino, mimi nikiwa Lusaka nabishana kuhusu panya.

Miaka miwili baada ya kumaliza chuo, mama mdogo aliniambia alichokiona siku ile kutoka upande wa kichwa. Tangu uzi wa kwanza mama alikuwa ameuma kitenge kwa meno yake yote. Asubuhi kabla ya kipimo alikuwa amemwonya mdogo wake anyamaze, kwa sababu yeye akivuta mguu, mimi ndiye nitakayeanguka mtihani.