Sahani Iliyorudi Tupu

Jioni hiyo ya Ramadhani tulikuwa wanne uani kwetu, Jomvu Kuu: mimi, mdogo wangu wa kike mwenye usonji, jirani yetu tunayemwita Mama, na mkazamwanawe. Mama yetu wa kutuzaa alishafariki, na baba alimtangulia. Mimi ndiye mkubwa; niliacha shule darasa la saba. Huyu jirani ndiye anayekaa na mdogo wangu niwapo kibaruani Changamwe. Bila yeye sina kazi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Hakuniangalia. "Naona siku hizi mwajitosheleza."

Nikauliza kuna nini. Kumbe kabla sijarudi alituletea kaimati, sahani nzima. Mdogo wangu alizimimina kwenye bakuli letu, akaosha sahani na kuirudisha papo hapo, tupu. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Hata ndimu mbili zatosha. Kuirudisha hivyo ni kumwambia mtu asilete tena.

"Sahani hata haijapoa," akasema mkazamwana. "Huyo hana lolote, ana kiburi. Siku za kuzaliwa za mtaa mzima azijua, adabu ndiyo haijui?"

"Kesho mtafutie mwingine wa kukaa naye," akasema Mama.

Usonji nimewaeleza hadi ulimi umeota sugu. Nikamgeukia mdogo wangu. "Kwa nini hukuningoja?"

"Ulisema kitu cha mtu kisilale kwetu."

Kweli nilisema, alipokaa na nyundo ya watu wiki nzima. Hapo ndipo ninapochoka. Kila ninalomfundisha lina jingine nyuma yake, ambalo hata mimi sikufundishwa. Nililiokota tu jikoni kwa marehemu mama. Na hawa watu wazima, wanaojua yote yasiyosemwa, wameshindwa kusema moja: mwanangu, rudi utie kitu.

Nikalisema mimi, mbele yao. Akasikiliza huku akitazama mlango. Kisha akamnyooshea Mama mikono. "Nipe sahani. Nilikosea kuirudisha."

Mkazamwana akacheka. Mama hakucheka. Aliingia kwake, akatoka nayo, akampa. "Kesho nitakuja," akaniambia mimi, si yeye.

Amekuja siku nne sasa. Sahani iko juu ya kabati letu. Kila nirudipo kazini mdogo wangu huniuliza tutatia nini, na mimi unga ninao, sukari sina, na baada ya aibu ile ndimu mbili hazitoshi tena. Usingizi haumjii, maana kitu cha mtu kimelala kwetu.